Nyasi Ndani ya Kengele

Karani wa makaburi ya vita alifika Isiolo siku ya Jumatatu na meza ya kukunja, viti viwili vya plastiki na tableti iliyopasuka kioo. Wakampa ukumbi wa kijamii, ule ambao huahidiwa paa jipya kila uchaguzi. Tangazo lilikuwa limesomwa misikitini na makanisani: kila mtu ambaye babu yake alichukuliwa na Mwingereza kwenda vitani, akafa na hakuandikwa popote, alete jina. Ukuta utajengwa. Majina yatachongwa kwenye jiwe. Kwa miaka themanini na zaidi hao wachongaji walikuwa wapi, hilo halikutangazwa.

Tari Wako alikuwa wa saba kwenye foleni. Mkononi alikuwa na faili ya kijani iliyofungwa kwa mpira wa tairi, na mgongoni alikuwa na uchovu wa miaka arobaini. Watu waliomtangulia walikuwa na majina tu vichwani mwao. Yeye alikuwa na nakala za barua kwa mkuu wa wilaya, kwa mbunge aliyekufa, kwa mbunge aliyeanguka, kwa tume mbili na kwa gavana. Majibu yalikuwa matatu. La kwanza lilisema barua imepokewa. La pili lilisema atume nakala. La tatu lilikuwa la mtu mwingine kabisa, limewekwa kwenye bahasha yake kwa makosa, nalo akalitunza, maana lilikuwa na muhuri.

Kusoma hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, akiwa mama wa watoto wawili, kwa sababu baba yake, Wako, alikuwa hajui kuandika na alikuwa akiandikiwa barua na mtu wa stempu pale posta. Siku Tari alipoweza kusoma vizuri, akafungua faili na kukuta kwamba yule mtu, kwa miaka sita, alikuwa akituma barua ile ile moja ya kuomba kibali cha kichinjio. Baba yake alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Andika tena."

"Jina la marehemu?" karani akauliza. Jina lake mwenyewe lilikuwa kifuani: Anderson Mwiti. Mtu wa Meru, wa makamo, macho mekundu ya vumbi.

"Dabasso Huqa. Babu yangu. Mtu wa ngamia."

"Alifia wapi?"

"Malka Hidda. Kwa daraja. Mwaka wa arobaini na moja."

Kidole cha karani kikateremka juu ya kioo kilichopasuka, kikasimama. Uso wake ukafanya kitu ambacho Tari alikuwa amekiona kwenye nyuso nyingi za ofisi.

"Mama, hapa kuna kitu."

"Kilichoko nakijua. Soma tu."

"Imeandikwa mtoro."

"Usinisomee nusu, kijana yangu."

Karani akashusha sauti, kama mtu anayesoma matusi mbele ya mama yake. "'Alifungua kengele ya ngamia wa mbele, akampa adui habari, akatoroka na mnyama. Askari kumi na wawili walikufa.' Imetiwa sahihi na kapteni."

"Hiyo ndiyo nimekuja kuondoa."

"Mtoro hachongwi, mama. Hiyo ni sheria yao, si yangu." Akafikiri kidogo. "Lakini rekodi inaweza kubadilishwa. Inataka shahidi ambaye si wa familia yenu. Hata kama hakuwepo mwenyewe, mradi alisikia kwa aliyekuwepo, na awe na kitu cha kuonyesha. Mimi naondoka Ijumaa saa sita, naenda Marsabit."

"Walioona wote wamekufa."

"Ndiyo shida ya kazi hii," Anderson Mwiti akasema, na Tari akaona kwamba hakuwa anamdharau. Alikuwa amechoka tu, kama yeye.

Mambo ya daraja lile Tari aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kwenda nyumbani. Mwingereza alikuwa anapigana na Mtaliano huko juu, ng'ambo ya mpaka, na baina yao kulikuwa na mto mkubwa wenye daraja moja la chuma. Mwenye daraja ndiye mwenye barabara. Basi Mwingereza akaja Garbatulla, akachukua wanaume arobaini na ngamia sitini wa kubeba risasi na mapipa. Hakuomba, alihesabu tu. Kengele za ngamia zikaamriwa kuzibwa kwa nyasi, zikafungwa kwa kamba ya mkonge, ili adui asisikie. Dabasso ndiye aliyekuwa mbele na jike mweupe aitwaye Adi, na kwa mujibu wa Wako, Dabasso alizifunga kengele zote sitini kwa mkono wake mwenyewe. Asingeweza kufungua. Alifungua mwingine, au risasi ilikata kamba, au kapteni alisema uongo. Wako alikuwa na majibu matatu na aliyashika yote.

Baada ya daraja, serikali ilirudi Garbatulla ikachukua ngamia wa ukoo mzima kwa kosa la mtoro. Mke wa Dabasso, mwenye mimba ya Wako, akaja Isiolo kwa miguu. Mjini wakapewa jina: wale wa kengele. Wako akipita mnadani, wanaume walikuwa wakigonga ulimi kwenye kaakaa, ko, ko, ko. Wengine walikuwa hawajui hata sababu, walirithi mchezo tu. Na mpaka juzi, Tari akigombana na muuzaji mwenzake wa maziwa juu ya nafasi ya kukaa, yule mwanamke alimwambia, "Nenda ukazibe kengele kwanza."

Kwa hiyo Tari hakuwa anatafuta ukuta. Mawe angeyafanyia nini? Alitaka neno moja litoke kwenye karatasi moja kabla yeye mwenyewe hajatoka duniani.

Kesho yake asubuhi alikuwa sokoni mahali pake, madebe ya manjano ya maziwa ya ngamia yamepangwa miguuni, Nakal alipokuja na kikopo chake. Nakal, au Mama Nanok, Mturkana wa mtaa wa Chechelesi, alikuwa amenunua lita moja kwa Tari kila siku ya Mungu kwa miaka ishirini, isipokuwa ule mwaka wa mapigano kati ya watu wao, wakati hakuna aliyevuka mtaa.

"Ejok, Mama Madina," akamsalimia Tari kwa Kiturkana, akimwita kwa jina la mwanawe. "Hii maziwa yako leo inanuka moshi kuliko mimi."

"Maziwa inafukizwa mara moja. Wewe umefukizwa miaka sabini."

"Sitini na tisa. Usiniongezee."

Tari akampimia. Nakal alikuwa mtu wa kukaa kidogo, kuulizia magoti, kusengenya kidogo. Siku hiyo Tari hakuwa na la kusengenya. Akamweleza habari ya karani, ya mtoro, ya shahidi, ya Ijumaa saa sita. Aliongea akiwa anafuta madebe, bila kumtazama, kwa kuwa hadithi hiyo alikuwa ameisimulia mara nyingi hadi imekuwa kama kufuta madebe.

Alipoinua uso, Nakal alikuwa amesimama. Kikopo kimejaa, kifuniko hakijafungwa.

"Babako alikuwa askari," Tari akasema, kwa kutafuta tu neno. "Lakini yeye si alikuwa Burma?"

"Burma ilikuwa baadaye," Nakal akasema. Akafunga kifuniko polepole, akakifungua, akakifunga tena. "Kesho usitoke mapema. Kuja kwangu kwanza."

Akaondoka bila kuulizia magoti.

Nyumba ya Nakal ilikuwa chumba na nusu, mabati na udongo, nyuma ya kanisa. Tari alifika Jumatano jua likiwa bado jepesi. Nakal alikuwa ameshachemsha chai, na kitandani kulikuwa na mfuko wa sukari, ule wa nailoni, umefungwa kwa uzi.

"Kunywa kwanza."

"Nitakunywa nikijua nimeitiwa nini."

"Wewe na haraka yako. Miaka yote hiyo umengoja, chai moja itakuua?"

Tari akanywa. Nakal akafungua uzi kwa meno, akatoa kitu, akakiweka juu ya blanketi kati yao. Ilikuwa kengele ya ngamia, ya mti, kubwa kama kichwa cha mbuzi, imekuwa nyeusi kwa mafuta na umri. Ndimi zake mbili za mti zilikuwa bado zinaning'inia ndani. Ubavuni kulikuwa na alama ya kuchomwa na chuma: mstari mmoja na nukta mbili chini yake.

Alama hiyo Tari alikuwa ameichoma kwenye kila mtungi wake wa maziwa. Baba yake alimfundisha, na baba yake alifundishwa na mama yake, na huyo aliijua kutoka kwenye mapaja ya ngamia waliochukuliwa.

Hakuigusa. "Umekuwa nayo tangu lini?"

"Apa, baba yangu Akolong, aliirudisha kutoka huko. Alipokufa nikairithi. Mwaka wa mapigano nilikimbia na hii na sufuria moja, nyingine yote ikachomeka."

"Na kila siku unakuja kwangu na kikopo."

"Na kila siku nakuja na kikopo."

Kelele za watoto wa shule zilipita nje. Nakal akangoja zipite.

"Apa alikuwa na ndugu yake huko," akasema. "Ewesit. Wote wawili askari. Alfajiri hiyo walikuwa wamelala chini, hapa mto, hapa daraja, wanangoja amri. Ngamia iko nyuma yao. Unajua hizo ngamia zilikuwa zimekaa siku ngapi bila maji?"

"Kumi na moja. Kapteni alikataa visima viwili. Alisema vumbi ya kunywesha itaonekana na ndege ya Mtaliano."

"Kumi na moja. Sasa ikasikia harufu ya mto. Ikaanza kulia, ile ya chini chini, ya tumbo. Na babu yako alikuwa mbele na hiyo nyeupe. Apa alisema alikuwa karibu naye, kama mimi na huo mlango. Alisema yule mzee alikuwa anatembea kama amelala. Ngamia ikavuta, yeye akafuata, wakafika pale mchanga inaanza kuwa maji." Nakal akanyoosha mkono wake mwenyewe hewani, hadi mahali ambapo shingo ya ngamia ingekuwa. "Na Apa akaona mkono yake ikienda kwa shingo. Polepole. Kama mtu anafunga kifungo ya shati. Akafungua kamba, akatoa nyasi, akatupa. Halafu akaachilia."

Tari akaitazama kengele iliyokuwa kati yao.

"Ikalia mara moja, mara mbili. Apa alisema yule mzee alishtuka kuliko wote. Akaangalia mkono yake kama ni ya mtu mwingine. Halafu akashika hizo ndimi ndani, azinyamazishe. Lakini ng'ambo bombomu, ile bunduki ya kutapika risasi, ilikuwa imeshaamka."

"Hakukimbia."

"Aliteremka na mto. Ndani ya maji, mbali na daraja, na ngamia yake, kengele inalia, na bombomu ikamfuata yeye kwanza. Askari wetu waliolala pale kwa daraja wakapata nafasi ya kuinuka. Sasa usiniulize kama yeye alivuta ngamia ama ngamia ndiyo ilimvuta. Apa alijiuliza hiyo mpaka akakufa. Hakujua." Akanyoosha blanketi. "Ewesit alifika katikati ya daraja. Hapo ndipo alikaa. Kumi na wawili wote hapo hapo. Saa nne daraja ikachukuliwa. Jioni Apa akateremka kuteka maji akakuta hiyo nyeupe imekufa kwa mchanga, kengele shingoni. Babu yako hakuonekana tena. Kapteni akauliza, nani alifungua? Apa akasema hajaona. Kapteni akajiandikia mwenyewe."

Kwenye sikio la kengele kulikuwa bado na kipande cha kamba ya mkonge, kimekauka kama mfupa. Tari akakiinua kwa ukucha. Hakikukatwa na kisu wala risasi. Ncha zake zilikuwa zimejikunja mahali pa fundo, fundo lililofunguliwa taratibu na mtu aliyelifunga.

Basi majibu yote matatu ya Wako yakafa hapo juu ya blanketi.

Angeweza kubisha. Midomo yake ilikuwa imezoea kubisha kuliko kitu kingine chochote. Lakini alikuwa ameshaamini, na wa kwanza kuamini ulikuwa mkono wake. Zamani, alikuwa na miaka kumi na miwili, amepelekwa kwa wajomba Garbatulla kuchunga, na walikuwa wamepita usiku porini na kengele zimezibwa kwa kuogopa wezi. Walipofika kisimani asubuhi alisahau kufungua. Mjomba alimchapa mbele ya watu wote. Mifugo inayofika majini kimya ni mifugo ya wizi, wenye zamu watasimama na mikuki, watu watauana. Kabla ya ngamia kugusa maji, mwenye kundi hufungua kengele ya mbele ili kila mtu ajue nani anakuja na zamu yake ni ipi. Baada ya kiboko kile Tari hakusahau tena. Hakuhitaji kukumbuka. Miguu ikikanyaga mchanga wa maji, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

Siku kumi na moja bila maji, mtu hana kichwa tena. Ana mkono tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Apa alikataza. Alisema hao watu wameshaonewa vya kutosha." Nakal akakunja mfuko wa sukari mara nne. "Na mimi niliogopa. Ewesit ni damu yetu. Nikisema, nyinyi mtasema tumekuja kudai. Na watu wetu wengine wangekuja kudai kweli."

"Basi kwa nini ulinunua maziwa yangu?"

"Maziwa yako ni nzuri."

Tari akacheka, na kicheko kikatoka vibaya, kikaishia kwenye chai.

Nakal akasema, "Ijumaa nitakuja na wewe. Nitasema Apa alimwona akifia kwa maji, hakutoroka. Hiyo ni ukweli, si uongo. Kengele ionekane. Mambo ya nyasi tunaacha hapa ndani ya nyumba. Hiyo karani atajuaje?"

Alhamisi Tari hakuuza. Alikaa uani kwake akifukiza mitungi, akiingiza kijiti chenye moto mtungi mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imechoka, haikujua imkamate nani. Akaanza na babu. Alikuwa amemtetea maisha yake yote kwa jambo alilolifanya. Akaja kwa baba, aliyekufa akisema andika tena. Akaja kwa kumi na wawili wa darajani, ambao hawakuwahi kuwa watu kichwani mwake, walikuwa hesabu tu ya kapteni. Sasa mmoja alikuwa na jina, na ndugu, na mtoto wa ndugu anayemletea kikopo.

Halafu, mchana jua likiwa kali, akafika kwa daraja lenyewe. Baba yake alikuwa akipenda kusimulia mwisho wake kwa uchungu. Wiki mbili baada ya vita vile, mvua zilinyesha huko juu, mto ukapanda, ukalibeba daraja la chuma lote na nguzo zake. Kapteni alishapewa nishani.

Ijumaa walikwenda pamoja, kengele ikiwa ndani ya kikapu cha maziwa. Karani alikuwa ameshaanza kukunja kiti kimoja. Akakikunjua.

Nakal akatoa jina, kijiji, kitambulisho, akasema ni mtoto wa Akolong askari, akasema pia kwamba Ewesit ndugu ya baba yake hajachongwa popote. Karani akatafuta, akampata Ewesit mara moja kwenye wale kumi na wawili. "Huyu hana shida. Huyu atachongwa." Kisha Nakal akasema la Dabasso: alifia majini, hakutoroka, baba alimwona. Kengele ikawekwa mezani. Anderson Mwiti akaigeuza kwa vidole viwili, akaipiga picha pande zote, na uso wake ukafunguka kidogo.

"Hii ni kubwa, mama. Hii inatosha. Sasa kuhusu kufunguliwa kwa kengele, nyinyi mnasema nini? Niandike kamba ilikatika?"

Nakal akatazama sakafu.

Hapo Tari aliona neno linavyotoka kwenye karatasi. Lilikuwa limeshaanza kutoka. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ni kazi rahisi.

"Haikukatika," akasema. "Aliifungua."

Karani akainua kalamu yake ya plastiki juu ya kioo.

"Aliifungua mwenyewe, kwa mkono wake. Sisi kwetu ngamia haifiki maji na kengele imezibwa. Mkono ulienda tu. Andika hivyo."

"Mama." Karani akaiweka kalamu chini. "Nisikie kama mtoto wako. Kule hii inasomwa na kamati. Wakiona alifungua, watasema ni yeye aliua wale kumi na wawili. Sina mahali pa kuandika mkono ulienda. Hapa kuna sanduku mbili: kwa amri, au bila amri. Wacha niandike haijulikani. Utapata jina lako."

"Miaka arobaini nimewaambia waandike ukweli. Sasa umekuja, na sura yake si nzuri. Niuambie urudi kesho?"

"Mimi sisemi udanganye."

"Unasema ninyamaze. Kapteni naye alinyamaza. Alinyamaza kuhusu visima viwili. Hiyo ya kunyima ngamia maji siku kumi na moja na kuzipeleka mtoni, hiyo ina sanduku hapo?"

Karani akatazama tableti yake kama vile huenda lipo. "Haina."

"Basi weka bila amri. Halafu chini, mahali pa maelezo, uandike siku kumi na moja. Andika kwa tarakimu na kwa maneno, wasiseme wino ulimwagika."

"Hakuna wino, mama."

"Andika."

Akaandika. Ilichukua muda, maana Tari alimfanya asome kila sentensi. Tari akamtazama Nakal kabla ya sahihi kuwekwa. "Ni wewe wa kusema. Damu ni yenu."

Nakal akabonyeza kidole gumba kwenye kioo. Kikakataa. Akakipangusa kwa leso, akabonyeza tena.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano, kwa simu, katika wakati wa ukame, maziwa yakiwa nusu debe na bei ikiwa matusi. Nakal alikuja sokoni na kikopo kama kawaida, na Tari akamsomea akiwa amesogeza simu mbali na macho.

La kwanza lilikuwa la Ewesit. Jina lake litachongwa.

La pili lilikuwa refu. Lilisema kamati inashukuru. Lilisema ushahidi umepokewa, na kwamba neno mtoro limefutwa kwenye rekodi, kwa kuwa imeonekana marehemu alifia mahali pa vita. Hata hivyo, kwa kuwa vifo vya askari kumi na wawili vilitokana na kitendo chake alichokifanya bila amri, kamati imeona jina lake lisichongwe kwa sasa.

Kuhusu siku kumi na moja hawakusema kitu.

"Rudia hapo ya mtoro," Nakal akasema.

"Limefutwa."

"Limefutwa," Nakal akarudia, akilionja. "Babako angesema nini?"

Tari alijua angesema nini, maneno mawili yale yale. Akatazama mikono yake, ile iliyokamua na kuchunga na kuandika. Ilikuwa imechoka kuliko yeye. Angeweza kufunga ile faili kwa mpira wake wa tairi na kuiacha juu ya kabati, na hakuna mtu Isiolo nzima angemlaumu. Alichokitaka alikuwa amekipata. Lakini aliona kwamba neno lilipofutwa liliacha shimo, na ndani ya shimo hilo kulikuwa na mtu mwingine amesimama, mwenye sahihi na nishani, ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza kitu.

"Nimechoka, Mama Nanok."

"Najua."

Akatoa karatasi chini ya faili, akaiweka juu ya kifuniko cha debe, akaandika tarehe. Hakuandika mheshimiwa wala ninayo heshima. Aliandika mstari mmoja, kwa herufi kubwa za magazeti ya sukari: Nani aliwanyima ngamia maji siku kumi na moja?

Akamsomea Nakal. Mwanamke mmoja alisimama na chupa akitaka robo lita, na Tari akamwambia angoje.

"Hapa chini naweka Dabasso," akasema.

Nakal akavuta kiti, akakaa, kikopo magotini.

"Weka na Ewesit," akasema. "Yeye pia alikuwa na kiu."